Mkumbushe Licija Kambakochi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Juu ya bandari ndogo,
Rovinj, Kroatia.
Jumamosi, 6 Julai 2019

Mpendwa Bibi Nives,

Mimi ndiye niliyepokea simu yako mwezi wa Mei, na sikuelewa ulichosema. Hilo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri, wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nimeliandika haraka kabla woga haujanirudisha nyuma. Sasa naweza kukusalimu kama inavyotakiwa.

Shikamoo Bibi. U hali gani? Goti lako la kushoto linaendeleaje, lile ambalo Bibi Licija anasema limekusumbua tangu ulipoanguka ngazini mkiwa wadogo? Mwalimu wetu wa jiografia anasema huko kwenu Rosario sasa ni baridi, mnavaa makoti, wakati sisi huku tunaungua nyayo kwenye mawe ya ufukweni. Vipi mwanao Hugo na mkewe Graciela? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima.

Sisi hatujambo. Baba hajambo ila mgongo. Mama hajambo, yuko hotelini zamu mbili kwa sababu wageni wamejaa. Na Bibi, mdogo wako, ni mzima kutushinda sote. Uzima wake huo ndio unaoninyima raha, nitakueleza.

Hujawahi kuniona ila kwenye picha ya komunyo, ile niliyofumba macho. Mimi ni Ornela wa Mauro, nina miaka kumi na mitano. Shuleni nasoma kwa Kiitalia, nyumbani tunaongea Kikroatia kwa ajili ya mama, na Bibi huongea lugha yoyote itakayomfikia kwanza mdomoni. Walimu husema mimi ni hodari wa lugha zote mbili. Ni kweli, nikiwa naandika. Nikitakiwa kuongea, hasa kwenye simu, zote mbili hunikimbia kwa pamoja, nikabaki na "ndiyo" tu.

Siku ile nilikuwa peke yangu nyumbani. Simu yetu ya mezani siku hizi hupigwa na wauza magodoro tu, kwa hiyo niliiacha ilie weee, nikitumaini itachoka. Haikuchoka. Nilipoinua, sauti yako ilikuja kama mtu anayezungumza ndani ya ndoo. Kiitalia chako kimeingiliwa na Kihispania, na laini ilikuwa inakwaruza. Nilishika jina la Licija. Nilishika "mkumbushe". Kisha likaja lile neno la mwisho, ukalisema mara mbili huku unacheka, na mimi nikasikia aragosta, kambakochi kwa Kiitalia. Mkumbushe Licija kambakochi.

Nilipaswa kusema, "Samahani Bibi, hebu rudia." Hayo tu. Badala yake nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, ukaniambia mimi ni mtoto mzuri, ukakata.

Bibi aliporudi kutoka sokoni na mfuko wa maharage mabichi nilimwambia, "Bibi Nives kapiga simu. Kasema nikukumbushe kambakochi."

Nilitegemea atacheka. Alikaa kwenye kiti akiwa bado na kofia yake ya jua kichwani.

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Ndiyo."

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana, alikuwa anacheka."

"Anacheka," akasema Bibi. "Miaka hamsini na mitano, leo anacheka." Akavuta sufuria akaanza kukata ncha za maharage, na alikata mfuko wote, mpaka yaliyooza.

Kwanza sikushtuka sana. Hadithi ya kambakochi naijua, husimuliwa kwetu kila Krismasi. Kwamba siku uliyoondoka kwenda Argentina, mwaka 1964, baba yenu alikuwa amevua kambakochi wawili, akakataa kuwapeleka hotelini. Vichwa alivitia kwenye sufuria ya supu, mikia akaiweka kwenye wavu juu ya moto, mmoja wako, mmoja wa Bibi, muagane mkiwa mmekula vizuri. Halafu upepo wa bura ukashuka ghafla, moto ukapanda, mikia ikaungua, ukaingia kwenye basi na mkate na jibini. Mwisho wa hadithi. Baba huongeza kwamba bura haina adabu, tunacheka, tunakula keki.

Jumapili iliyofuata Bibi alirudi kutoka bandarini na kambakochi wawili waliofungwa kwenye gazeti lililoloa, masharubu yao marefu yanachungulia nje. Unajua bei yake. Baba alishika kichwa. Lakini kilichomuumiza zaidi si bei, ni kwamba Bibi alishuka nao uani, akawasha vijiti vya mizabibu, akachukua koleo. Hapa kwetu, kama utakumbuka, mwanamke hukaanga, huchemsha, huoka, lakini wavu wa kuchomea ni wa wanaume. Bibi sijapata kumwona hata akigeuza dagaa.

"Mama, lete koleo hilo."

"Nenda kakae."

"Mama, katika nyumba hii moto ni wangu."

"Wewe mwenyewe nimekuzaa mimi, moto wako umetoka wapi?"

Baba akaenda kukaa. Mzee Bepi wa jirani alikuwa ameshaweka viwiko vyake juu ya ukuta. Ukuta ule ndio televisheni yake.

"Licija! Unachoma nini leo, viatu vya marehemu?"

"Njoo uonje, Bepi, pengine kimoja kitakuenea mdomoni, maana umekaa wazi siku nyingi!"

Siku ile hata mimi nisingekula viatu vile. Mikia ilijikunja kama ngumi, nje nyeusi, ndani mbichi kama kioo. Jumapili ya pili Bibi hakungoja miali ishuke, moto uwe makaa. Ya tatu alingoja mno, nyama ikakauka kama kifutio cha penseli. Baba akawa anaelekeza kutoka dirishani, "Gamba chini, mama! Gamba chini!" na Bibi anamjibu bila kuinua kichwa, "Na wewe lako lifunge!"

Kwa kuwa mimi siongei, ndimi pekee niliyeruhusiwa kusimama karibu naye. Kazi yangu ni mkasi: nakata ngozi laini ya chini ya mkia, pande zote mbili, natoa ule mshipa mweusi, halafu napitisha kijiti kirefu katikati ya nyama ili usijikunje motoni. Kijiti nilikifikiria mimi. Bibi aliponiona nakipitisha alisema, "Kumbe kichwa hicho kina mtu ndani." Kisha yeye huchovya tawi la rozimari kwenye mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, anapaka, nyama inakaa chini kidogo tu ishike rangi, halafu gamba linakaa chini mpaka kile kioo kigeuke maziwa. Yeye huhesabu kimya kimya. Mimi huona midomo yake inavyotembea.

Jumapili moja bahari ilichafuka, hakukuwa na kambakochi. Iliyofuata, tarehe 23 Juni, mikia ilitoka myeupe, minene, imenyooka. Baba alikula, akapangusa sahani kwa mkate, halafu akasema, "Mh." Kwa baba hiyo ni hotuba. Bepi alipitishiwa kipande juu ya ukuta, akakila, akaenda kulala.

Bibi alibaki kwenye makaa. Nilikuwa nakusanya sahani. Akasema, "Ornela, hakukuwa na upepo."

Nikadhani anazungumzia siku ile. Nikasema, "Hakuna, Bibi, majani hayatikisiki."

"Siku ile nyingine. Siku ya Nives. Hakukuwa na upepo wowote."

Akaniambia hivi, na ninakuandikia kama alivyosema, kwa sababu sijui kama wewe unajua. Baba yenu alikuwa ameenda kuazima mkokoteni wa kubebea sanduku lako. Wewe ulikuwa juu unavaa. Bibi, miaka kumi na saba, aliachiwa koleo: angalia mikia, nakuja sasa hivi. Akasimama pale, koleo mkononi, akaongeza vijiti. Moto ukapanda. Akaongeza tena. "Nilifikiri mtu hawezi kuondoka na njaa," akasema. "Nilifikiri watasema, basi, ataondoka kesho."

Halafu ulishuka na viatu vyako vipya. Anasema hukumgombeza. Ulivunja gamba lililoungua, ukachakura mpaka ukapata kijisehemu cheupe, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Ukampa yeye.

"Na mimi nikakila," akasema Bibi. "Ndilo lililonikaa hapa. Si kuunguza. Kwamba nilikila."

Nilisimama na sahani nne. Akapangusa koleo kwa aproni akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu: "Mwaka mzima wa kwanza nilingoja aniandikie kuhusu ile mikia. Aliandika kuhusu kazi, kuhusu harusi, kuhusu mtoto. Mikia, kimya. Nikaanza mimi na hadithi ya upepo, wote wakaizoea. Kumbe alikuwa anajua. Ananikumbusha, na anacheka. Ukicheka umeshasamehe, siyo?"

Nikasema ndiyo. Unaona sasa. Ndiyo yangu hiyo tena.

Akasema kwamba yeye hawezi kukualika hivi hivi mikono mitupu. Kwanza aifaulu mikia Jumapili tatu mfululizo, mtu asije akasema ni bahati, kisha atakuandikia mwenyewe: njoo, wako uko tayari, mkia mzima.

Siku mbili baadaye ikaja kadi yako, ile yenye picha ya daraja refu. Niliikuta mimi kwenye sanduku la barua kule chini. "Kama nilivyomwambia binti kwenye simu, nakuja mwezi wa nane. Tarehe 14, tiketi ninayo. Mkumbushe Licija: ad agosto!"

Ad agosto, yaani mwezi wa nane. Aragosta. Nilisimama pale ngazini nikiyasema moja baada ya jingine, kwa sauti, mpaka paka wa Bepi akaondoka. Ad agosto, aragosta. Ungesema kwa Kikroatia hili lisingetokea, maana kwa Kikroatia mwezi huo ni kolovoz, na kolovoz hata ukiwa na homa huwezi kuisikia kama mnyama wa baharini. Msichana wa lugha moja asingeelewa chochote, angesema, rudia. Mimi wa lugha mbili nilielewa, na nilielewa vibaya.

Kadi niliificha. Iko kwenye kamusi yangu ya shule, kwenye ukurasa wa neno kolovoz. Kwa hiyo, Bibi Nives, hapa nyumbani hakuna ajuaye kwamba unakuja isipokuwa mimi. Nisamehe. Kila siku nasema leo nitaitoa. Lakini nikiitoa Bibi atasoma "kama nilivyomwambia binti", na atajua uliniambia mwezi, hukuniambia kambakochi. Atajua kwamba hukucheka kile alichofikiri unakicheka. Na lile neno alilolifungia miaka hamsini na mitano ameshalitoa, amenipa mimi, kwa kosa la sikio langu. Kulirudisha hawezi.

Halafu kuna upande mwingine, hapo ndipo ninapopotea kabisa. Tangu siku ya simu Bibi anaimba akiosha vyombo. Amepanda ngazi ya kanisa bila kupumzika katikati. Amemwambia Bepi umri wake wa kweli. Sasa sijui niseme nimekosea au nimepatia. Na sijui hata kama nimekosea! Ulisema lile neno mara mbili. Huenda mara ya kwanza ulisema mwezi na ya pili kambakochi. Kambakochi kwa Kihispania ni langosta, nimetazama, kwa hiyo labda usingesema aragosta. Lakini ulizaliwa hapa, labda ungesema. Na ulikuwa unacheka. Nani huucheka mwezi wa Agosti?

Niache hilo kidogo nikwambie habari nyingine, maana naona barua yote imekuwa kambakochi. Mtini wa uani umezaa mapema. Baba amepaka mashua rangi ya bluu ambayo mama anasema ni ya hospitali. Mimi nimefaulu vizuri, isipokuwa mazoezi ya viungo. Na chumba changu ndicho kilichokuwa chenu. Kwenye mbao za mlango, chini, karibu na bawaba, kuna N na L zilizochongwa kwa kisu, na L imechongwa kwa nguvu hadi mbao imepasuka. Mama alitaka tupake rangi juu yake. Nilisema hapana. Hiyo ndiyo mara moja niliyosema hapana katika nyumba hii na watu wakanisikia.

Basi nirudi. Kesho ni Jumapili ya tatu. Iliyopita mikia ilitoka vizuri tena. Kesho ikitoka vizuri, Bibi atakaa mezani na kalamu kukualika uje, wewe ambaye unakuja. Ningekupigia simu, lakini simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Posta wanasema barua huchukua wiki tatu, kwa hiyo itakuwahi kabla hujafunga sanduku.

Nilikusudia kukuomba kitu kimoja. Nilikiandika kwenye karatasi nyingine mara nne nikachana. Nilitaka kusema: ukifika, na Bibi akakuwekea mkia mezani, mweupe, umenyooka, na akakutazama, tafadhali usiulize "kambakochi gani?" Cheka tu. Cheka kama ulivyocheka kwenye simu. Mimi nitakuwa pembeni na mkasi, sitasema neno, hilo naliweza kuliko mtu yeyote hapa Rovinj.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kukuomba. Ila nikiisoma naona namwomba mtu mzima adanganye kwa ajili yangu, tena amdanganye mdogo wake, ambaye ameuacha upepo wake juzi tu. Yeye ameuacha wake. Mimi nautengeneza mwingine. Sijui. Andika, niambie, au usiandike, njoo tu.

Namsikia. Ametoka jikoni. Ndara zake moja hupiga na moja huburuta, humkosei. Atakuwa anakuja kuniuliza kama nimekwisha kuchonga vijiti vya kesho. Wiki nzima hii, kila akikaribia, naweka daftari la hesabu juu ya karatasi, na yeye husema, "Hesabu tena? Utaharibu macho," hunipa tini moja, huondoka.

Amefika kwenye kona ya korido. Daftari liko kushoto kwangu. Naliona. Nimeliacha hapo hapo. Kamusi nimeifungua kwenye kolovoz, daraja la kadi yako linaonekana lote.

Nimalize upesi basi. Nisalimie Hugo, nisalimie Graciela, na yule mjukuu wenu mdogo ambaye jina lake tunalitamka vibaya. Baba anakusalimu, mama anakusalimu, Bepi angekusalimu kama angejua. Mungu akubebe vizuri huko angani na akushushe polepole, goti lisiumie.

Bibi tangu asubuhi ana mafuta ya zeituni mikononi, anajaribu tawi jipya la rozimari. Karatasi hii ikikufikia ikiwa na alama ya kidole pembeni, ile inayopitisha mwanga, ujue ameisoma.

Anagusa kitasa.

Wako akupendaye, ingawa hakukuelewa,

Ornela